Mguu Uliokaa Mtungini

Jumatatu ya Pasaka mji mzima wa Mirabassa huhamia mashambani. Ndivyo ilivyo Sisilia yote, na asiyetoka siku hiyo basi ni mgonjwa, au amefiwa, au amegombana na kila mwenye gari. Watu hubeba makaa, nyama ya mwanakondoo, mikate ya Pasaka yenye mayai yaliyookwa humo humo na maganda yake, na divai ya kutosha kuwakosanisha mashemeji hadi Krismasi. Wengi huishia chini ya kilima cha magofu, kwenye majani, nje ya uzio, kwa kuwa pana kivuli na nafasi ya kuegesha. Ndani ya uzio hawaingii. Mawe hayo, wanasema, tunayaona bure kutoka dirishani tukiosha vyombo, ya nini kuyafuata?

Calogera Spataro alikuwa mmoja wao. Alizaliwa akiyaona magofu kutoka jikoni kwa mama yake, akaolewa kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu ambayo jiko lake nalo lilitazama huko huko, akazaa, akafiwa na mume, akazeeka, wala siku moja hakuwahi kukanyaga mle ndani. Hakuwa na muda, na tuseme kweli, hakuwa na hamu. Kazi yake ilikuwa zeituni. Kila msimu alinunua zeituni mbichi, akazipasua moja moja, akaziloweka kwenye mtungi wa maji ya chumvi pamoja na shamari na vitunguu saumu, na zikishaiva akaziuza sokoni siku ya Ijumaa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, iliyoparara kwa chumvi, na ulimi usiopenda kupoteza maneno. Mteja akimwambia zeituni ni chungu kidogo mwaka huu, alimjibu kwamba hata yeye ni mchungu kidogo, na bado watu wanamsalimia.

Sasa alikuwa anahama. Majira ya baridi aliteleza kwenye ngazi akalala pale mpaka jirani alipopita, na tangu hapo binti yake Melina, anayeishi Ujerumani, hakumpa nafasi ya kupumua. Kwa umri wako, mama, huwezi kuachwa peke yako huko juu. Kwetu kuna joto, kuna daktari mtaa wa pili, na jengo lina lifti. Hiyo lifti Melina aliitaja kila alipopiga simu, mpaka Calogera akaanza kuiota. Mwishowe alikubali, kwa sababu goti lilikuwa limeshakubali kabla yake. Nyumba ikauzwa kwa mfamasia aliyetaka kuigeuza vyumba vya wageni, na safari ikapangwa Jumatano baada ya Pasaka.

Kugawa vitu hakukumsumbua. Kitanda kilichukuliwa, sufuria zikachukuliwa, mtungi wa zeituni akamwahidi Provvidenza, rafiki yake tangu utotoni. Kilichomnyima usingizi ni jiwe la mtungini.

Kila mwenye kuloweka zeituni anajua kwamba usipozikandamiza zinaelea na kuoza, hivyo juu yake huwekwa sahani, na juu ya sahani kitu kizito. Wengine huweka kokoto ya mtoni. Kwa akina Calogera waliweka mguu. Ulikuwa mguu wa marumaru, wa kulia, mkubwa kidogo kuliko wa mtu, uliokatikia juu ya kifundo, na vidole vyake vitano vilikuwa vimechongwa vizuri hata kucha zikaonekana. Babu wa mama yake, aliyekuwa kibarua wa kuchimba pale kilimani enzi za maprofesa wenye ndevu, ndiye aliyeuleta nyumbani ndani ya mfuko wake wa mkate. Kwa nini aliuchukua, hakuna aliyewahi kusema. Bibi yake alipouliza ni mguu wa nani, aliambiwa ni wa mtakatifu, kwa maana nani mwingine angechongwa kwa uzuri ule? Wanawake wa nyumba wakaamua wenyewe kwamba ni Mtakatifu Agata. Basi kila msimu, kabla ya kuushusha mtungini, walipiga ishara ya msalaba na kusema, "Kwa ruhusa yako, Mtakatifu," kisha wakauteremsha kwa mikono miwili, polepole, maji yasiruke. Mama alimfundisha Calogera hivyo, na Calogera alifanya hivyo maisha yake yote. Kwa kukaa kwenye maji ya zeituni mguu ulikuwa umeiva rangi ya chai.

Kasoro yake ilikuwa moja. Chini ya unyayo palikuwa na kinundu, kipande cha jiwe kilichochomoza, kwa hiyo mguu haukutulia popote. Mezani uliyumba, kwenye sahani ukainama upande, na ilibidi kuuwekea kitambaa ili ukae sawa. Baba yake Calogera aliwahi kuchukua patasi akikate hicho kinundu, bibi akamsimamia mlangoni na kumwambia aanze kukata cha kwake kwanza.

Sasa uende wapi? Ujerumani haungeweza kwenda. Sheria inasema kila cha kale kilichotoka ardhini ni mali ya serikali, na anayekutwa nacho uwanja wa ndege ataona cha mtema kuni. Kumwachia mfamasia haikuwezekana, angeutia kwenye kabati la vioo na kuwasimulia wageni uongo. Na kwenda kuukabidhi ofisini? Mirabassa hakuna nyumba isiyo na kitu. Birika la kunyweshea kuku la huyu ni jeneza la jiwe la mkubwa fulani wa zamani, kizingiti cha yule kina herufi asizozijua mtu, na wote hujifanya hamnazo. Fundi viatu mmoja, kwa moyo wake safi, alipeleka chungu alichokikuta shambani, akaitwa mahakamani mara nyingi hata viatu vyake mwenyewe vikaisha soli. Tangu hapo hakuna aliyejipeleka.

Ndipo Calogera alipowaeleza rafiki zake, jikoni kwa Provvidenza. Liborio, mume wa Provvidenza, mtu wa kunena kabla ya kufikiri, alisema utupwe baharini yaishe. Agrippina, mwenzao wa tatu, mjane mwembamba ambaye hata kengele ya mlango humtia hofu, alishauri apewe padri. Calogera akasema padri atataka kujua ni mtakatifu yupi na cheti chake kiko wapi, na kwamba mguu wa mtu hautupwi baharini kama gurudumu bovu.

"Ulitoka pale juu," Provvidenza alisema. "Basi urudi pale juu. Jumatatu ya Pasaka tunakwenda wote, tunatembea kama watalii, tunauacha mahali pazuri, tunashuka kula. Na wewe shoga utakuwa umeyaona hayo magofu kabla hujatuacha."

Agrippina alikumbusha kwamba mlangoni kuna mlinzi.

"Mlinzi anawakagua wanaotoka. Umewahi kusikia mtu ameshikwa akiiba kwa kuingiza?"



Siku ya Pasaka yenyewe Calogera alikuwa na kazi nyingine, ya mwisho nayo. Miaka mingi alikuwa mmoja wa wanawake wanaoivika sanamu ya Bikira Maria. Bikira wetu wa Pasaka, kwa asiyejua, ana uso, mikono na miguu tu. Sehemu nyingine yote, chini ya nguo, ni fremu ya mbao tupu, kama kitu cha kuanikia nguo. Wanaume hawaruhusiwi kumwona akiwa hivyo, hata padri hutoka nje. Wanawake humvika gauni la buluu, juu yake joho jeusi la msiba, na pale uwanjani anapokutana na sanamu ya Mwanawe aliyefufuka, kamba huvutwa, joho likaanguka, mji mzima ukalia. Kufunga ile kamba ilikuwa kazi ya Calogera. Mwaka huu aliifunga kama kawaida, joho likaanguka kama kawaida, watu wakalia kama kawaida, yeye akabaki macho makavu. Alirudi nyumbani amejikasirikia. Mtu anaacha mji wake, anamuaga Bikira aliyemvika tangu akiwa msichana, halafu hana hata chozi? Alijiambia pengine ameshakauka, kama zeituni iliyosahauliwa mtini.

Jumatatu asubuhi, basi, wakapanda gari la Liborio. Mguu ulifungwa kwa kitambaa cha vyombo, ukalazwa chini ya kikapu, juu yake mikate ya Pasaka na bakuli la zeituni za mwisho. Wakapita watu wote waliokuwa wakiwasha makaa kwenye majani, wakapanda hadi mlangoni, nyuma yao familia nzima nzima zikiwakodolea macho. Mlinzi aliitwa Tano, kijana wa marehemu mchinja nyama wa mtaani kwao, sasa mtu mzima mwenye kitambi na funguo nyingi.

"Mama Calogera," alisema, "leo umepotea njia?"

Calogera alimjibu kwamba amekuja kuona wanachomlipa kukilinda. Tano akacheka, akawaambia wakazi hawakati tiketi, wapite. Kisha akaona kikapu. Chakula, alisema, hakiingii, kanuni ni kanuni, wakiache kibandani watakikuta. Agrippina akaanza kuhesabu shanga za rozari mfukoni. Provvidenza hakupepesa hata jicho.

"Huyu ana sukari. Akizidiwa huko juu, utamlisha mawe?"

Tano alimtazama Calogera, akatazama kikapu, akageuka kutazama bahari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wao wakapita.

"Tangu lini nina sukari?" Calogera alinong'ona.

"Tangu sasa hivi. Tembea."

Njia ilipanda kati ya maua ya manjano na mawe yaliyolala ovyo. Provvidenza alikuwa akichagua: hapa, nyuma ya hili, hapana, pale penye kichaka. Liborio alikuwa akieleza namna ambavyo yeye angejenga. Calogera hakuwasikiliza, goti lilikuwa linamuuma na kikapu kilikuwa kizito, na hakukubali kupokewa. Ndipo walipomaliza kona ya mwisho, wakatokea mbele ya hekalu.

Kutoka dirishani kwake nguzo zile zilikuwa na urefu wa kidole. Aliwahi kuzipima akiwa mtoto, jicho moja amelifumba. Sasa alisimama chini ya moja na hakuweza kuona mwisho wake bila kurudisha kichwa nyuma hata ushungi ukamdondoka. Ilikuwa ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja kubwa kuliko jiko lake, na hakuna chochote kati yake, si saruji wala ukucha wa nafasi. Na nyuma ya hiyo kulikuwa na nyingine, na nyingine. Mbayuwayu waliruka kati yake wakipiga kelele juu kabisa, na sauti zao zilifika chini zimechelewa. Alinyoosha mkono akauweka kwenye jiwe. Lilikuwa na joto. Mifereji iliyochongwa kutoka juu hadi chini ilikuwa na upana wa mabega yake, kiasi kwamba angetaka angejibanza ndani ya mmoja asionekane.

Aliogopa. Haukuwa woga wa kumkimbiza mtu, maana miguu haikutaka kwenda popote. Ulikuwa woga wa kujikuta mdogo ghafla, na kuona kwamba udogo huo haumpunguzii kitu. Alifikiri juu ya watu walioyainua mawe haya. Walikuwa na migongo, hao. Walikuwa na wake waliowangoja na chakula, na jioni walishuka kwenda nyumbani, bila shaka kwa njia hii hii, wakilalamika. Kisha walikufa, na wana wao wakafa, na kazi yao ikabaki imesimama ikiota jua.

Liborio alikuwa amevua kofia. Provvidenza baadaye alisema hiyo pekee ilistahili safari, kwa kuwa mumewe hata kanisani hukumbushwa.

"Tazama huko," Agrippina alisema kwa sauti ndogo, akionyesha nyuma yao.

Waligeuka. Chini kulikuwa na mji wote, mapaa juu ya mapaa, na nyuma yake bahari. Calogera aliitafuta nyumba yake akaipata, na kwenye ghorofa ya tatu akaliona dirisha la jikoni, limefungwa, dogo kama punje. Alilitazama kwa muda. Maisha yake yote alidhani ni yeye anayeyatazama magofu. Kumbe kutoka huku juu nako kwake kulionekana. Kila sahani aliyoosha, kila asubuhi aliyofungua dirisha kutikisa kitambaa cha meza, siku aliyosimama pale na barua ya kifo cha kaka yake mkononi, palikuwa na hizi nguzo zimemkabili, kimya. Moyo ulimwenda mbio kwa namna ambayo haukumwenda jana uwanjani.

Wakaingia ndani, pale palipokuwa ndani zamani, sasa anga tupu. Mwisho kabisa, nyuma ya kamba, palikuwa na jukwaa la jiwe lililofika magotini, na mbele yake kibao cha maelezo. Agrippina peke yake ndiye aliyekuja na miwani, basi akawasomea. Hapa aliabudiwa mungu wa kike wa nafaka na mavuno. Sanamu yake haikuwa ya jiwe zima: mwili ulikuwa wa mbao, ukivikwa nguo za kweli, na ni uso, mikono na miguu tu iliyochongwa kwa marumaru. Wanawake wa mji ndio waliomvika siku za sikukuu. Mbao zilioza, uso na mikono havikupatikana, na kilichobaki ni mashimo mawili ya kusimamishia miguu.

Wote watatu walimgeukia Calogera.

Yeye alikuwa anatazama mashimo. Yalikuwa mawili, yamechongwa kwa umbo la nyayo, moja limetangulia kidogo mbele ya lingine kama la mtu anayetaka kushuka. Ndani ya lile la kulia, katikati, palikuwa na tundu. Halikuwa kubwa. Alilijua ukubwa wake kama anavyojua ukubwa wa kiganja chake, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akikiwekea kitambaa kile kinundu ambacho kingeingia humo.

"Mbao," alisema. "Na nguo juu yake. Kama wetu."

"Calogera," Agrippina alisema, na uso wake ulikuwa umepauka, "huyu ni wa wapagani. Mmekuwa mkimpigia ishara ya msalaba miaka yote hiyo."

"Hakuwahi kulalamika."

"Na zeituni zilikuwa tamu," Provvidenza akaongeza.

Calogera aliweka kikapu chini. Aliondoa bakuli, akaondoa mikate, akamkabidhi Liborio ambaye alivipokea kama mtumishi wa misa. Akainua kamba, akapita chini yake, na goti likakumbuka kulalamika lakini hakulisikiliza. Hakuwa tena anauacha mguu mahali pazuri. Alifikiria wale wanawake, ambao majina yao hakuna kibao kitakachoyataja, wakiwa wamewatoa wanaume nje, mmoja ameshika pini mdomoni, mwingine anavuta pindo, wa tatu anasema upande huu umezidi. Alijua walichozungumza. Alijua hata nani alimkasirikia nani. Akapiga magoti mbele ya jukwaa.

Alifungua kitambaa. Akaushika mguu kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Kwa ruhusa yako, Mtakatifu," alisema, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumwita.

Aliushusha polepole, ingawa hapakuwa na maji ya kuruka. Kinundu kilipita kwenye tundu. Ulisikika mkwaruzo mdogo, jiwe kwa jiwe, kisha ukatua. Calogera aliugusa kidole kikubwa kuona kama utayumba. Haukuyumba. Aliusukuma kidogo. Ulikuwa umesimama, mguu wa rangi ya chai juu ya jiwe jeupe, umetulia kwa mara ya kwanza tangu mzee yule alipoutia kwenye mfuko wa mkate, na juu yake, pale palipokatika, mtu aliweza karibu kuona mahali pindo la gauni lingeishia.

Walisimama wakitazama. Sijui kwa muda gani, na wao hawajui. Liborio, aliyetaka utupwe baharini, alikuwa amekumbatia mikate huku machozi yanamtoka bila kificho.

"Mama Calogera," sauti ilisema nyuma yao. "Hicho ni nini?"

Tano alikuwa amekuja kuona kama mwenye sukari yuko salama. Provvidenza alifungua mdomo, na angesema jambo kubwa, lakini Calogera aliinua mkono kumzuia. Hakusimama. Ilikuwa imefika saa ya kusema ukweli au kukaa kimya, na yeye hakuwa na nguvu ya uongo mbele ya kile alichokuwa amekiona.

"Mguu wake."

"Umetoka wapi?"

"Hapa hapa. Alitoka kidogo. Sasa amerudi."

Tano aliruka kamba na kuchuchumaa. Aliutazama mguu, akatazama shimo la pili lililo tupu, akatazama tena mguu. Aliinama karibu zaidi. Pale chini palikuwa na harufu, ndogo lakini haikosewi, ya shamari na vitunguu saumu. Alikaa ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mlinzi. Kila Ijumaa ya utoto wake mama yake alimtuma sokoni na bakuli, na kila Ijumaa alirudi bakuli likiwa limepungua.

"Mimi nimekula kutoka kwa huyu," alisema.

"Mji wote umekula."

Tano alisimama, akajifuta magoti, akatazama nguzo, akatazama mbayuwayu. Mkono ulikuwa kwenye redio yake ya kiunoni, na Agrippina sasa alikuwa anasali kwa sauti.

"Mvua ya wiki iliyopita imeporomosha udongo mwingi huku nyuma," alisema mwishowe, kama mtu anayejikumbusha kazi zake. "Mvua huwa inafichua vitu. Kesho nikipita asubuhi nitaona kitakachoonekana, nitawaita wakubwa."

Provvidenza alishusha pumzi iliyopeperusha ushungi wa Agrippina. Lakini Calogera alikuwa na swali, nalo ndilo alilokuja nalo tangu mwanzo.

"Ataachwa hapa?"

Tano angeweza kumdanganya. Alifikiria kumdanganya, ilionekana.

"Hapana, mama. Watampeleka makumbusho, Palermo. Huku kuna mvua, kuna jua, kuna wezi. Kwa umri wake hawezi kuachwa peke yake huku juu. Kule kuna joto, kuna watu wa kumtazama kila siku."

Calogera aliyasikia maneno hayo na akayatambua moja moja.

"Huko makumbusho," aliuliza, "kuna lifti?"

"Lifti?" Tano alisema. "Ndiyo. Ipo."

Calogera alianza kucheka. Alicheka akiwa amepiga magoti, mkono juu ya kile kidole kikubwa, akacheka hata Provvidenza naye akaangua kicheko bila kujua sababu, na mahali fulani katikati ya kicheko machozi yakaja, na kicheko kilipoisha machozi yakaendelea. Alilia kwa ajili ya ngazi na jiko na soko la Ijumaa. Alilia kwa ajili ya Bikira aliyemuaga jana kwa macho makavu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Tano aligeuka akawaambia watalii wawili wa kigeni waliokuwa wanakuja kwamba upande huu umefungwa kwa matengenezo.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akaupangusa mguu, katikati ya vidole, kama alivyofanya kila msimu wa zeituni ulipoisha.

"Kwa ruhusa yako," alisema. "Na mimi naondoka."

Akamnyooshea Provvidenza mkono amwinue.

Walishuka wakala kwenye majani pamoja na mji mzima. Zeituni zilikwenda zote, Tano alikuja kuchukua zake na mkate juu. Provvidenza alitaka kujua, zeituni za mtungi wake sasa atazikandamiza kwa kitu gani, na Liborio akajitolea kukaa juu yake. Kikapu Calogera alirudi nacho mwenyewe, kitupu, na hakukubali kupokewa.

Jumatano alfajiri Liborio alipiga honi chini. Mfamasia alikuwa amesisitiza madirisha yote yafungwe kabla ya kukabidhi funguo, na Calogera alipita chumba kwa chumba akiyafunga. La jikoni alilikuta limefungwa tangu Jumatatu. Alilifungua, akalisukuma hadi mwisho kuelekea nguzo za kilimani, akaliacha hivyo, akaanza kushuka ngazi polepole, mkono ukutani.